Akiba Haiozi, Isipokuwa Hii

Saa kumi na dakika tano jioni simu yangu ilitikisika mfukoni. "Umeme mkuu umekatwa. Betri ya akiba: 100%."

Sikushtuka. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye gari, nikimtazama fundi akifungua nyaya za betri kubwa. Kifaa cha kufuatilia gari, kile kidude kilichofichwa nyuma ya dashibodi, kilikuwa kinatimiza wajibu wake. Kimeona umeme umeondoka, kimehamia kwenye betri yake ndogo, kimenipigia mbiu.

Tukaanza kulisukuma gari taratibu kuelekea ndani ya karakana. Kila baada ya dakika mbili simu ilionyesha nukta ileile kwenye ramani, na kando yake 100%. Taarifa ya tano iliingia dakika ya kumi. Ya sita haikuja.

Karatasi ya maelezo ya kifaa ilisema betri ya akiba hudumu kwa muda wa saa sita.

"Labda ni mtandao tu, bosi," fundi alisema bila kuinua kichwa. Alipofunga nyaya za betri mpya, kidude kilizinduka na kutuma salamu: umeme mkuu umerudi, betri ya akiba 100%. Kana kwamba hakijawahi kuzimia.

Ningeweza kuishia hapo. Gari lilikuwa limepona, na hakuna aliyeliiba katika zile dakika ambazo kifaa kilikuwa bubu. Lakini ile namba iligoma kutoka kichwani. Kitu kufa nilishazoea, vitu hufa. Kilichonikera ni kwamba kilikufa huku kikiniapia kuwa ni kizima kabisa.

## Asilimia mia ya nini?

Jibu la kwanza nililipata haraka, na kwa siku kadhaa nilidhani ndilo jibu lote.

Kifaa changu hakipimi chaji. Kinapima volti, kisha kinaitafsiri iwe asilimia kwa jedwali kililopewa kiwandani. Betri ndogo ya lithiamu ikifika volti 4.2 imejaa, na ikishuka karibu na 3 imekwisha. Hilo ni kweli kwa betri mpya na ni kweli vilevile kwa betri kuukuu. Chukua mtungi, umwagie mchanga hadi katikati, halafu jaza maji mpaka ukingoni. Ukichungulia juu tu, umejaa. Volti huchungulia juu tu.

Ndiyo maana wahandisi wa betri hutenganisha mambo mawili: hali ya chaji, yaani maji yamefika wapi, na hali ya afya, yaani mtungi wenyewe umebaki na nafasi kiasi gani ukilinganisha na siku ulipotoka kiwandani. Kwa mazoea, betri iliyobaki na chini ya asilimia 80 ya uwezo wake wa awali huhesabiwa kuwa imefika mwisho wa utumishi, hata kama bado inachaji na kutoa. Simu yangu ilikuwa inanipa namba ya kwanza, nami nikaisoma kama ya pili.

Sawa. Basi kwa nini kifaa kisipime na ya pili?

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu. Betri ya simu unayoshika mkononi hutumika kila siku. Kompyuta yake ndogo huhesabu mkondo unaoingia na unaotoka, na kila betri inapojaa au kuisha, hesabu hujirekebisha. Baada ya miezi michache simu ina picha nzuri ya ukubwa wa mtungi wake, kwa sababu imeuona ukimwagwa mara nyingi.

Betri ya akiba haimwagwi kamwe. Hukaa imejaa mwezi baada ya mwezi, ikipokea matone ya chaji ya kufidia kile kinachovuja. Ukihesabu matone hayo, kosa dogo la kipimo hujilimbikiza wiki hadi wiki na hakuna siku ya kusawazisha daftari. Ni mlinzi ambaye hajawahi kuamshwa usiku hata mara moja, nawe unatakiwa useme ana mbio kiasi gani.

## Kuzeeka kwa kukaa

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa wamekutana na lithiamu.

Nilikuwa nikiamini, kama wengi, kwamba betri huchakaa kwa kutumika, hivyo isiyotumika hubaki mpya. Kumbe kuna uzee wa aina mbili. Upo unaotokana na kuchajiwa na kumwagwa, na upo unaotokana na siku kupita tu. Huu wa pili ndio uliokula betri yangu, nayo ilikuwa imewekwa mahali penye kuukaribisha kwa mikono miwili.

Betri ya lithiamu huzeeka kwa kasi zaidi ikikaa imejaa pomoni na ikikaa kwenye joto. Ndani yake vimiminika hujibizana polepole na elektrodi, yaani ncha za ndani za betri, utando juu yake unazidi kunenepa, na lithiamu iliyonaswa kwenye utando huo hairudi tena kazini. Wakemia wana kanuni ya makadirio: kila joto linapopanda nyuzi 10, miitikio ya aina hii huenda mbio karibu maradufu. Sasa fikiria nyuma ya dashibodi. Gari lililofungwa vioo juani linaweza kupita nyuzi 60 ndani, na chini ya kioo cha mbele ndipo pabaya kuliko pote.

Imejaa, ina joto, haitumiki. Huwezi kubuni maisha mabaya zaidi kwa betri hii, na hayo ndiyo maisha tuliyoipa kwa sababu ni betri ya *akiba*. Akiba lazima iwe imejaa. Lazima iwe ndani ya gari. Lazima ingoje.

Kukaa tayari ndiko kunakoichosha.

Ziko njia za kuihurumia. Unaweza kuiacha ikae kwenye asilimia 80 badala ya kuijaza, nayo itaishi muda mrefu zaidi. Lakini hapo umetoa sadaka sehemu ya tano ya akiba tangu siku ya kwanza, siku ambayo betri ilikuwa nzima kabisa. Bado sijajua kama ningekubali biashara hiyo. Nadhani ningekubali, ila kwa shingo upande.

## Usiku wa rezista

Wiki ya pili nilikitoa kidude, nikakifungua, nikaichomoa betri. Haikuwa imevimba. Ingekuwa imevimba ningeishia hapo hapo, na yeyote anayesoma hii akiwa na bisibisi mkononi naye aishie hapo. Imeandikwa miliampea-saa 500, ndicho kipimo cha ukubwa wa mtungi wake.

Niliipima ikiwa haijaunganishwa na chochote: volti 4.12. Nikaifunga kwenye rezista ya omu 33, kipande kinachonywa umeme kwa utulivu, nikasoma tena baada ya sekunde kumi: 4.05. Nikaandika namba zote mbili kwenye daftari, nikachora mstari chini yake, na sikuzifikiria tena kwa siku sita. Nalitaja hili kwa sababu jibu lilikuwa tayari limelala pale kwenye karatasi, nami nikaenda kulitafuta kwingine.

Nilichokitaka ni kuimwaga yote na kuhesabu. Kwa rezista ile, mkondo ulizunguka kwenye wastani wa miliampea 112. Nilikaa na saa na mita, nikisoma kila dakika tano, nikangoja volti zifike 3.0 ili nikate, maana chini ya hapo unaidhuru. Zilifika baada ya saa tatu na dakika tano.

Hesabu ni nyepesi: miliampea-saa 345 hivi. Kati ya 500, ni karibu asilimia 69.

Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa na namba halisi, si tafsiri ya jedwali. Badala yake nilichanganyikiwa kuliko mwanzo. Asilimia 69 ya saa sita ni zaidi ya saa nne. Kifaa kilikufa ndani ya dakika 12.

Nikashuku rezista. Nikashuku mita. Nikaichaji, nikarudia zoezi zima usiku uliofuata, na nikapata namba inayokaribiana kabisa na ya kwanza. Betri ilikuwa mzee mwenye nguvu zake, si maiti. Basi ile jioni karakanani ilikufaje?

Kwa siku kadhaa nilirudi kwenye kauli ya fundi. Labda kweli ulikuwa mtandao tu. Labda kidude kilikuwa hai muda wote, kikipiga kelele chini ya paa la chuma bila mnara wowote kukisikia. Ilikuwa dhana nzuri na ilinipa usingizi. Ikavunjika nilipoangalia kumbukumbu za kifaa chenyewe: kilikuwa kimejizima na kuwaka upya.

Paa la chuma, hata hivyo, nililishika. Nashukuru nililishika.

## Siyo imeisha, imeshindwa

Kifaa kama kile hakinywi umeme kwa utulivu kama rezista. Muda mwingi kinasinzia, kisha kinapotuma data kwa mtandao wa simu wa GSM kinavuta kwa mikupuo mifupi, midogo kuliko kupepesa jicho, inayoweza kukaribia ampea 2. Na ishara ikiwa dhaifu, redio hupandisha nguvu yake hadi mwisho ili isikike. Uwanjani, nje, taarifa tano zilipita kwa kunong'ona. Tulipolisukuma gari ndani kabisa, chini ya bati, kidude kililazimika kupaza sauti.

Hapo nikakumbuka daftari. 4.12, kisha 4.05.

Tofauti ya volti 0.07 kwa mkondo wa ampea 0.123 maana yake betri ina ukinzani wa ndani, yaani kiasi inavyouzuia umeme wake yenyewe usitoke, wa takriban omu 0.57. Betri mpya ya aina ile, niliyokuja kuipima baadaye, ilinipa robo ya hapo. Sasa vuta ampea 2 kupitia omu 0.57: unapoteza volti 1.14 papo hapo, ndani ya betri, kabla umeme haujafika popote. Kutoka 4.12 unabaki na 2.98. Redio za namna hii huhitaji zaidi ya volti 3.3 ili zisizime. Kuna kapasita pembeni, kihifadhi kidogo cha umeme, ya kusaidia kwenye mikupuo, ila kapasita ni kikombe tu, haigeuki kisima.

Redio ikazima. Mzigo ulipoondoka, betri ikapumua, volti zikarudi juu kama hakuna kilichotokea. Ndiyo maana iliporudishiwa umeme ilitangaza 100% bila haya. Kwa mujibu wa jedwali lake haikusema uongo.

Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Kulikuwa na chaji ya kutosha saa nne ndani ya kitu kile. Ilikuwa imo, ila mlango umekuwa mwembamba, haiwezi kutoka kwa kasi inayohitajika.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1897 Mjerumani Wilhelm Peukert alilionyesha kwenye betri za risasi na asidi, zilizokuwa na umri wa miaka 38 tu tangu Mfaransa Gaston Planté alipoitengeneza ya kwanza mwaka 1859: ukimwaga kwa kasi, unapata kidogo. Betri ya ampea-saa 100 iliyopimwa kwa kumwagwa taratibu kwa saa 20, ukiivuta kwa ampea 50, kwa kipeo cha 1.2 (namba inayoonyesha jinsi betri inavyopungukiwa ikivutwa kwa kasi) ambacho ni cha kawaida kwa aina hiyo, inakupa kama ampea-saa 63. Namba iliyochapwa ubavuni ni ya mwendo mmoja tu, mwendo wa mtu anayetembea. Kemia ya lithiamu ina adabu zaidi kwenye hili ikiwa changa. Yangu haikuwa changa.

Kwa hiyo lile swali langu, "imebaki kiasi gani?", lilikuwa swali bovu tangu mwanzo. Imebaki kiasi gani *kwa kazi ipi?* Kwa rezista ya omu 33, asilimia 69. Kwa kutuma taarifa uwanjani, pengine hivyo hivyo. Kwa kupiga kelele chini ya bati, sifuri.

## Magari yanayongoja pamoja nasi

Mtu akiniambia nimepoteza wiki tatu kwa kidude cha kufuatilia gari, nitakubali nusu. Nusu nyingine ni hii.

Tangu tarehe 31 Machi 2018, aina mpya za magari ya abiria na vigari vyepesi vya mizigo zinazoidhinishwa katika Umoja wa Ulaya lazima ziwe na mfumo wa eCall. Ajali mbaya ikitokea, gari lenyewe hupiga 112, namba ya dharura, hutuma mahali lilipo, na kufungua sauti ili waliomo waweze kusema. Betri kubwa ya gari mara nyingi iko mbele, na mbele ndiko magari hugongana. Ndipo betri ndogo inapoitwa. Haijawahi kuitwa kabla, na itaitwa mara moja.

Halafu kuna breki zinazoendeshwa kwa waya badala ya mafuta, usukani wa namna hiyo, milango isiyo na kamba ya chuma bali swichi. Kila kimojawapo kinahitaji umeme wa pili uliokaa kando, ukingoja siku wa kwanza utakapoondoka. Na kila huo wa pili una tatizo lilelile la kidude changu, isipokuwa uongo wake ni ghali zaidi.

Wanaotengeneza mifumo hii hawasubiri betri imwagike. Wanaipa mzigo mfupi unaojulikana, mara kwa mara, gari likiwa limeegeshwa au linapowashwa, wanatazama volti zinashuka kiasi gani, na wanasoma kipimajoto sekunde ileile. Kipimajoto si pambo. Ukinzani wa ndani hupanda sana kwenye baridi. Betri nzima asubuhi ya barafu inaweza kuonekana mgonjwa, na mgonjwa mchana wa jua akaonekana mzima. Bila joto, namba ya ukinzani haina maana yoyote. Nilipofahamu hilo nilirudi kwenye daftari langu na kukuta sikuandika joto la chumba hata mara moja.

Kemia nazo zina vituko vyake. Betri ya lithiamu na fosfeti ya chuma hukaa karibu na volti 3.3 kwa sehemu kubwa ya safari yake, hivyo ukiitazama kwa volti huwezi kutofautisha iliyojaa robo tatu na iliyobaki theluthi. Ya risasi na asidi ina ukarimu zaidi: ikipumzika vya kutosha, 12.7 ni kujaa, 12.2 ni karibu nusu. Lakini ni hali ya chaji tu hiyo. Mchanga ulio chini ya mtungi bado huuoni.

## Kukosea upande upi

Hata ukipima vyema unabaki na makadirio, na makadirio yana ukingo. Mtu fulani lazima aamue: chini ya namba hii, taa ya onyo iwake.

Nilidhani hapa hakuna mjadala. Weka onyo mapema, basi, nani anataka akiba isiyotosha? Kisha nikakumbuka taa ya njano iliyokaa miezi kadhaa kwenye dashibodi ya gari langu la zamani, na jinsi nilivyojifunza kutoiona. Onyo linalokuja mapema mno, au linalowaka kila asubuhi ya baridi na kuzimika mchana, hufundisha dereva kupuuza. Likichelewa, halimfundishi kitu, maana siku ya somo ndiyo siku ya ajali.

Sioni namna ya kulikwepa hili kwa hesabu bora. Unaweza kupunguza ukingo, huwezi kuuondoa. Ila nimebadili kile ambacho ningetaka taa isubiri. Sitaki tena iwake kwa sababu asilimia imeshuka. Iwake pale kifaa kinapojiuliza, "Nikiitwa sasa hivi, mahali pabaya, kwenye baridi, mnara ukiwa mbali, ninaweza kupiga simu moja hadi mwisho?" na jibu likawa si hakika. Hilo ni swali la ndiyo au hapana, na linapimika: mkupuo mmoja wa ampea kadhaa kwa sehemu ya sekunde, soma volti, soma joto. Unapoteza chaji isiyofika hata tone.

Nalisema hivi kana kwamba ni uvumbuzi wangu. Fundi yeyote mzee anayepima betri kubwa kwa kuiwekea mzigo mzito na kutazama mshale unashuka vipi anajua jambo hili tangu ujana wake. Nilikuwa nimesimama mbele ya mmoja wao, nikimuuliza kuhusu asilimia kwenye simu.

## Dakika ya kumi na mbili

Nimeweka betri mpya. Nilipima ukinzani wake kabla sijaifunga: omu 0.14, joto la chumba nyuzi 26. Safari hii nimeandika. Nimebandika kipande cha utepe juu yake chenye tarehe na namba hizo mbili, halafu nikakihamisha kidude kutoka nyuma ya dashibodi hadi chini ya kiti, ambako hakuna jua.

Ile ya zamani iko kwenye rafu ikiwa nusu chaji. Nimeshindwa kuitupa. Mara mojamoja naigusisha mita, nayo husema ni nzima.

Wiki iliyopita nilirudi karakanani, nikamwomba fundi anisaidie kulisukuma gari ndani kabisa, chini ya bati, pale pale. Nikafungua waya wa betri kubwa mwenyewe. Simu ikatikisika: umeme mkuu umekatwa, betri ya akiba 100%.

"Unangoja nini sasa, bosi?" fundi aliuliza.

Nikamwambia nangoja taarifa ya sita.

Akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi kando yangu.